Chupa za Mkojo za Mama Egeland

Kufikia mwaka 1934, Borgny Egeland wa Oslo alikuwa amezunguka kwa madaktari wengi na kurudi mikono mitupu. Alikuwa na watoto wawili. Liv, binti yake, alikuwa na miaka 6 na maneno yake yalihesabika. Dag, mdogo wake Liv, alikuwa ametimiza miaka 4 bila kutembea, bila kusema, bila kuweza kujilisha, na macho yake hayakutulia juu ya kitu chochote. Wote wawili walipozaliwa hawakuonyesha kasoro yoyote. Kilichoharibika kiliharibika baadaye, mwezi kwa mwezi, mama akishuhudia.

Tena kulikuwa na harufu. Miili ya watoto hao na mikojo yao ilitoa uvundo wa ajabu usioondoka hata waogeshwe vipi. Baba yao alikuwa na pumu, na harufu ile ilimsumbua kifua. Mama alimweleza kila daktari habari hiyo, na kila daktari aliipuuza. Mtoto asiyesema ana shida kichwani. Harufu ya mkojo wake inahusu nini?

Aliyeisikiliza alikuwa Asbjørn Følling, mtoto wa mkulima kutoka Kvam, ambaye kabla ya kuwa daktari alikuwa amesomea kemia mjini Trondheim. Jambo hilo la kemia ndilo lililobadilisha historia hii. Kwa mkemia, harufu ni molekuli iliyoko hewani, na molekuli ina jina hata kama hakuna anayelijua bado. Akamwambia mama alete mkojo.

Alianza na vipimo vya kila siku vya hospitali, asikute kitu. Kisha akadondosha matone ya feri kloridi, dawa waliyoitumia kutafuta ketoni kwa wagonjwa wa kisukari. Mkojo wa kawaida ukitiwa feri kloridi hubaki na rangi ya hudhurungi. Wenye ketoni hugeuka zambarau. Mkojo wa Liv uligeuka kijani iliyokolea, ukabaki hivyo kwa dakika chache, kisha rangi ikafifia. Wa Dag ukafanya vilevile. Kijani haikutajwa katika kitabu chochote alichokijua.

Huenda ni dawa wanazomeza watoto, alifikiri. Akamwomba mama asiwape dawa yoyote kwa wiki nzima, kisha alete mkojo mwingine. Kijani ikarudi.

Hapo ndipo chupa zilipoanza kusafiri. Kwa muda wa miezi kama miwili Borgny Egeland alibeba mikojo ya watoto wake hadi maabara, jumla ya lita 20 na ushei. Wanaoandika historia ya sayansi hupita haraka hapa ili wafike kwenye ugunduzi, nami naona wanakosea. Kukinga mkojo wa mtoto wa miaka 4 asiyeelewa unachomwambia, ukaukinga safi, ukauweka, ukautembeza mjini, kisha ukarudia tena na tena bila kuahidiwa chochote, ni sehemu ya utafiti kama ilivyo ile ya mwenye koti jeupe. Bila lita zile Følling asingepata fuwele za kutosha kuzipima.

Kitu alichokitafuta kiliharibika upesi kikiguswa na hewa, kwa hiyo ilimbidi akitoe kwenye mkojo akiikinga kazi yake na oksijeni. Mwishowe alipata fuwele safi. Akazichoma ili kujua zina kaboni kiasi gani, haidrojeni kiasi gani, oksijeni kiasi gani. Akakisia kuwa ni asidi ya fenilpiruvi. Ili kuhakikisha, alichukua asidi hiyo iliyotengenezwa maabara, akaichanganya na fuwele za mkojo, akaupasha moto mchanganyiko. Vitu viwili tofauti vikichanganywa huyeyuka kwa joto la chini kuliko kila kimoja peke yake. Mchanganyiko wake uliyeyuka kwa joto lilelile. Vilikuwa kitu kimoja.

Kisha akafanya jambo lililomtofautisha na mtu aliyebahatisha. Alipima mikojo ya watu 430 waliokuwa katika nyumba za kutunzia wenye ulemavu wa akili, pamoja na watoto wenye ulemavu huo nje ya nyumba hizo. Minane ikageuka kijani. Pamoja na Liv na Dag wakawa 10, na miongoni mwao walikuwamo ndugu wa tumbo moja. Makala yake ilichapishwa mwaka huohuo wa 1934. Kwa mara ya kwanza, aina moja ya ulemavu wa akili ilikuwa na chanzo unachoweza kukiona ndani ya chupa.

Wazo la msingi lilikuwa limekwisha kutangulia. Mwaka 1902 daktari wa London, Archibald Garrod, alikuwa ameandika kuhusu watoto ambao mikojo yao ilitia nepi weusi. Ugonjwa huo, alkaptonuria, hauui watoto, na pengine ndiyo sababu wenzake hawakuujali. Garrod aliona kwamba wazazi wa watoto hao mara nyingi ni mtu na binamu yake, akapendekeza kuwa tatizo linarithiwa kwa kanuni za Mendel, ambazo zilikuwa zimefufuliwa miaka michache tu kabla. Kila hatua ya kuvunja chakula mwilini, alisema, ina kimeng'enya chake. Mtu akizaliwa bila kimoja, kazi husimama hapo na mabaki hurundikana. Alikuwa amewahi mno. Wataalamu wa urithi wa wakati ule walikuwa wakihangaika na mimea na wanyama, na madaktari hawakujua kemia ya kutosha kumfuata.

Kilichowapata Liv na Dag kilikuwa cha aina hiyohiyo, ila matokeo yake yalikuwa mabaya zaidi. Protini ya nyama, samaki, maziwa, mayai na maharage ina asidi amino iitwayo fenilalanini. Mwili hauwezi kuitengeneza wala hauwezi kuishi bila hiyo. Inayobaki baada ya mwili kuchukua haja yake hupelekwa ini, ambako kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa tirosini. Mtoto aliyerithi jeni mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama hana kimeng'enya hicho, au anacho kisichofanya kazi. Kila anaponyonya, fenilalanini hupanda. Kabla ya kuzaliwa alikuwa salama kwa sababu mwili wa mama ulimfanyia kazi hiyo kupitia kondo la nyuma. Maziwa ya kwanza ya mama ndiyo yanayoanza kumdhuru, na mama hana habari.

Ubongo huumia kwa njia zaidi ya moja. Inayoeleweka vizuri inahusu mlango kati ya damu na ubongo. Asidi amino kubwa kadhaa, zikiwamo tirosini na triptofani, hupitia mlango mmoja, na fenilalanini ikizidi hali inakuwa kama daladala ya saa moja asubuhi: abiria wa aina moja wamejazana mlangoni, wengine wanabaki kituoni. Tirosini ndiyo malighafi ya dopamini, na triptofani ni ya serotonini. Ubongo unaokua, unaotandaza nyaya zake na kuzivika utando wa mielini katika miaka ya mwanzo, unakosa vifaa katikati ya ujenzi. Hata weupe wa nywele na macho ya samawati ya wengi wa watoto hao una chanzo hapo, kwa kuwa rangi ya mwili hutengenezwa kutokana na tirosini.

Mwaka 1934 haukuwa mwaka mwema wa kuzaliwa na ulemavu wa kurithi. Ujerumani ilikuwa imepitisha sheria ya kuwahasi watu wa namna hiyo mwaka uliotangulia, na Norway yenyewe ilipitisha ya kwake mwaka huohuo wa makala ya Følling. Wasomi wenye heshima zao, katika nchi nyingi, waliamini kuwa dawa ya ulemavu wa kurithi ni kuzuia wenye nao wasizae. Ugonjwa mpya, wa kurithi, unaotambulika kwa tone la feri kloridi, ungeweza kuwa silaha mikononi mwao.

Aliyewanyang'anya silaha hiyo ni Lionel Penrose, daktari wa Uingereza aliyefanya kazi na wenye ulemavu wa akili mjini Colchester. Yeye na mkemia Juda Quastel ndio walioupa ugonjwa huu jina la fenilketonuria, ambalo siku hizi hufupishwa PKU. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha Penrose alipewa kiti cha uprofesa cha Galton katika University College London, kiti kilichobeba jina la mwasisi wa fikra za kuboresha uzazi wa binadamu. Katika mhadhara wake wa kukaribishwa aliuchagua ugonjwa huu kuwa mfano wake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kuwahasi wagonjwa wenyewe kusingepunguza kitu, kwa sababu takriban wote huzaliwa na wazazi wazima waliobeba jeni moja bila kujua. Ili kuung'oa ungelazimika kuhasi watu wazima wasio na kasoro, karibu mmoja katika kila 100. Aliyasema hayo akiwa amekikalia kiti cha Galton, na sidhani kama kiti hicho kimewahi kutumiwa vizuri zaidi.

Lakini hoja haimponyi mtoto. Tangu Følling aandike, miaka karibu 20 ilipita, na mzazi aliyeambiwa jina la ugonjwa hakuambiwa la kufanya.

Mkwamo huo ulivunjwa tena na mwanamke aliyekataa kuondoka. Mary Jones wa Birmingham alikuwa na binti, Sheila, aliyegunduliwa ana PKU akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi katika hospitali ya watoto ya mji huo. Sheila hakuweza kusimama wala kusema. Hakujali chakula wala watu. Siku nzima alilia, akaguna, akajigonga kichwa. Aliyempima alikuwa Horst Bickel, daktari kijana Mjerumani aliyekuja Uingereza muda mfupi baada ya vita. Alimwonyesha mama matokeo kwa fahari ya mtu aliyepata jibu. Mama hakuvutiwa. Alitaka dawa. Akaambiwa hakuna. Akarudi kesho yake asubuhi, na kesho kutwa, na siku zilizofuata, akimsubiri Bickel mlangoni na swali lilelile. Bickel mwenyewe alisimulia habari hii miaka mingi baadaye, bila kuficha kwamba ni usumbufu wa mama uliomsukuma.

Wazo la nini kifanyike lilikuwapo. Louis Woolf, mkemia wa hospitali ya Great Ormond Street jijini London, alikuwa amependekeza kwamba protini ya maziwa ivunjwe kuwa asidi amino, ipitishwe kwenye mkaa unaonasa fenilalanini, kisha tirosini na vingine vilivyopotea virudishwe. Bickel, pamoja na John Gerrard na mkuu wa maabara Evelyn Hickmans, waliitengeneza dawa hiyo kwa mikono yao katika chumba cha baridi cha maabara, kwenye nyuzi 4 hivi.

Mwanzoni mambo yalikwenda kombo. Walimpa Sheila chakula kisicho na fenilalanini kabisa, damu yake ikasafika, kisha akaanza kukonda, na fenilalanini ikapanda upya ijapokuwa hakula hata chembe. Mwili wake ulikuwa ukila misuli yake wenyewe kutafuta kile ulichonyimwa. Wakaelewa kwamba inabidi apewe kidogo, kiasi cha kumkuza bila kumdhuru, na wakakipima kwa maziwa ya kawaida. Mizani hiyo ya gramu ndiyo tiba ya PKU mpaka leo.

Baada ya miezi kadhaa Sheila alitambaa. Alisimama. Alipanda juu ya viti. Macho yake yalichangamka, nywele zake zikaanza kuwa na weusi, kilio na kujigonga kichwa vikakoma. Sasa madaktari wakapatwa na shaka ya kitaalamu: je, ni chakula kweli, au ni umri, au ni kule kutunzwa tu? Wakatia gramu 5 za fenilalanini kila siku kwenye dawa yake bila kumwambia mama. Ndani ya saa 6 dalili zilikuwa zimeanza kurudi. Siku ya pili alikuwa analia na kujigonga kichwa, na siku chache baadaye hakuweza tena kusimama. Mama aliyekuwa amesubiri mlangoni kila asubuhi aliyaona hayo nyumbani kwake bila kujua kwamba yamesababishwa makusudi.

Walimweleza baadaye, na jaribio likarudiwa hospitalini kwa ridhaa yake. Makala yao ya mwaka 1953 katika jarida la The Lancet ni miongoni mwa makala kubwa za tiba ya watoto za karne iliyopita. Hapo ilithibitishwa kwamba madhara ya ulemavu wa akili uliorithiwa yanaweza kupunguzwa kwa chakula, na kwamba jeni haitoi hukumu peke yake. Hata hivyo, jaribio lile la siri lisingeruhusiwa leo na kamati yoyote ya maadili, na sioni sababu ya kulisamehe kwa kuwa lilifaulu.

Sheila hakuwahi kuwa mzima. Tiba ilimkuta ubongo umekwisha kudhurika, na maisha yake mengi ya ukubwani aliyaishi katika nyumba za kutunzwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila mtoto aliyeifungulia sayansi hii njia. Dag Egeland alifariki akiwa bado mtoto, na ugunduzi uliotokana na mkojo wao haukumsaidia yeye wala dada yake. Mwandishi Pearl S. Buck, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1938, alizaa binti, Carol, mwaka 1920 nchini China, na mwaka 1929 alimwacha katika shule ya wenye ulemavu huko Vineland, New Jersey. Haja ya kulipa ada ya shule hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizomfanya aandike kwa bidii. Alikitoa kitabu chake kuhusu mtoto huyo mwaka 1950, bado hajui kilichomsibu. Jina la ugonjwa lilikuja miaka mingi baadaye, Carol akiwa mtu mzima.

Tatizo sasa lilikuwa muda. Chakula kilikuwa tiba ikiwa tu kitaanza katika majuma ya kwanza, na katika majuma hayo mtoto anaonekana mzima. Mwaka 1957, huko California, Willard Centerwall alianza kudondoshea feri kloridi kwenye nepi za watoto. Ilikuwa rahisi na ilisaidia, lakini mkojo wa mtoto mwenye PKU hauonyeshi kijani mpaka apite majuma kadhaa, na wakati huo hasara imekwisha kuanza.

Robert Guthrie wa Buffalo, New York, hakuwa daktari wa watoto. Alikuwa mtaalamu wa bakteria aliyefanya utafiti wa saratani. Mwanawe John alikuwa na ulemavu wa akili usiojulikana chanzo chake, na kupitia chama cha wazazi wenye watoto kama huyo alifahamiana na daktari aliyemwuliza kama angeweza kubuni njia nyepesi ya kupima fenilalanini kwa watoto walio kwenye mlo maalumu. Wakati huohuo, mtoto wa shemeji yake, dada wa mkewe, aligunduliwa ana PKU akiwa na umri wa mwaka na miezi, kwa kuchelewa. Kipimo kingekuwapo mapema, angepona. Guthrie hakulisahau hilo maisha yake yote.

Kipimo chake kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana ni cha werevu usio na makuu. Unachukua sahani pana ya jeli na kuichanganya na bakteria aina ya Bacillus subtilis pamoja na kemikali inayowazuia wasikue. Kemikali hiyo inafanana na fenilalanini, na bakteria hudanganyika nayo. Lakini wakipata fenilalanini halisi ya kutosha, kizuizi hushindwa, nao hukua. Unamchoma mtoto mchanga kisiginoni, unadondosha damu kwenye karatasi nene ya kuchujia, unaiacha ikauke. Kisha unatoboa kiduara kidogo cha karatasi yenye damu na kukilaza juu ya jeli, pamoja na vingine makumi kwenye sahani hiyohiyo. Unaacha usiku mmoja kwenye joto. Asubuhi, damu ya kawaida haijafanya kitu. Damu ya mtoto mwenye PKU imezungukwa na duara jeupe la bakteria walioshiba, na upana wa duara unakuambia ana kiasi gani.

Jeli ilikuwa werevu wa nusu. Nusu nyingine ni karatasi. Damu iliyokauka haimwagiki, haihitaji barafu, haihitaji chupa wala mhudumu wa kuisindikiza. Inatiwa kwenye bahasha na kupelekwa posta.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Jimbo la Massachusetts lilianza kuwapima watoto wachanga wake mwaka 1962 na kuliwekea sheria mwaka 1963. Majaribio makubwa zaidi yaliwahusisha watoto wapatao 400,000 katika majimbo 29 ya Marekani. Rais wa nchi hiyo wakati huo, John F. Kennedy, alikuwa na dada mwenye ulemavu wa akili, na suala hili lilipata masikio Ikulu. Kulikuwa na upinzani pia. Vyama vya madaktari vilichukia kuamriwa na wabunge namna ya kutibu, na baadhi ya hofu zao zilikuwa na msingi: watoto wengine walioonekana na fenilalanini nyingi hawakuwa na PKU halisi, wakapewa mlo mkali wasiouhitaji, wakadhoofika. Kampuni iliyotaka haki ya kuuza kipimo hicho ilipendekeza bei ya dola 262 kwa seti ambayo Guthrie alikuwa akiitengeneza kwa dola 6. Alipojua, alilipeleka jambo hilo kwa wanasiasa, na kampuni ikakosa haki hiyo. Yeye mwenyewe hakuchukua malipo kwa uvumbuzi wake.

Kama historia ingeishia hapo ingekuwa nzuri mno kuwa kweli.

Madaktari wa miaka ya 1960 waliamini kwamba ubongo ukishapita umri wa miaka 5 au 6 umekwisha kujengwa. Basi watoto wengi waliokuzwa kwa mlo wa PKU waliachishwa wakiwa wanaanza shule. Si ajabu kwamba familia zilishangilia. Mlo huo ni mgumu: nyama, samaki, mayai, jibini na maharage ni marufuku, mkate na wali vinapimwa kwenye mizani, na protini inapatikana kwa kunywa mchanganyiko wa asidi amino wenye ladha inayokirihi. (Msomaji aliyewahi kusoma maandishi madogo kwenye kopo la soda isiyo na sukari, akakuta onyo kwamba ina fenilalanini, sasa anajua ni la nani. Aspatemu inayotia utamu humo huvunjika na kutoa fenilalanini.)

Wasichana walioachishwa mlo wakakua. Walisoma, wakafanya kazi, wakaolewa. Wakashika mimba. Mwaka 1980 Roger Lenke na Harvey Levy walichapisha taarifa iliyokusanya habari za mimba zaidi ya 500 za wanawake wenye PKU kutoka pande nyingi za dunia. Kwa wale wenye fenilalanini ya juu kabisa na wasiotibiwa, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walikuwa na ulemavu wa akili. Wengi walizaliwa na vichwa vidogo, wengine na kasoro za moyo. Na karibu wote hawakuwa na PKU. Jeni zao zilikuwa salama. Kondo la nyuma, ambalo katika kizazi kilichotangulia liliwalinda watoto, sasa liliwasukumia fenilalanini ya mama kwa wingi zaidi ya ile iliyokuwa katika damu yake. Tiba iliyomwokoa msichana ilikuwa imemfikisha mahali ambapo angemdhuru mwanawe bila kujua, na kliniki nyingi zilikuwa zimepoteza anwani za wasichana hao tangu zilipowaruhusu waende zao.

Ikabidi watafutwe. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1984 ulionyesha kwamba mama akirudi kwenye mlo kabla ya kushika mimba, au katika majuma ya mwanzo kabisa, mtoto huweza kuzaliwa mzima. Kwa mwanamke ambaye hajaonja mchanganyiko ule tangu utotoni, kuurudia akiwa na kichefuchefu cha mimba changa ni kazi ambayo maneno hayaitoshi.

Wakati huo Adele Diamond, mtafiti wa ukuaji wa ubongo nchini Marekani, alikuwa akiuliza swali jingine. Watoto waliotibiwa tangu kuzaliwa walikuwa na akili za kawaida kwenye vipimo, lakini wazazi na walimu waliona kitu: hawakuweza kupanga, hawakuweza kungoja, walishindwa kushika mambo mawili kwa pamoja. Diamond aliwapa michezo. Mtoto mchanga aliona kidude kikifichwa kwenye shimo moja kati ya mawili, kisha kikihamishwa. Mtoto mkubwa kidogo alionyeshwa kadi yenye mwezi, akatakiwa aseme "mchana", na yenye jua, aseme "usiku". Watoto waliokuwa na fenilalanini iliyoitwa salama na madaktari, lakini mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, walishindwa michezo hiyo kuliko wenzao. Maelezo yake ni kwamba seli za dopamini zinazohudumia sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujizuia na kupanga, hufanya kazi kwa kasi kubwa na huhisi upungufu mdogo wa tirosini ambao sehemu nyingine hazijausikia. Viwango vilivyoitwa salama vikateremshwa, na ushauri wa kuachisha mlo ukafutwa. Leo mwenye PKU huambiwa ashike mlo wake maisha yote. Jeni yenyewe ilikuwa imepatikana na kundi la Savio Woo mwaka 1983, na dawa za kusaidia zilikuja baadaye, mwaka 2007 na 2018, lakini hakuna iliyoufuta mlo kwa kila mgonjwa.

PKU ni adimu sana kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, na ingekuwa upuuzi kudai kwamba Tanzania au Kenya ianze kampeni juu yake. Kilichotufikia ni karatasi. Miaka ya 1970 Jean Dussault wa Quebec aliitumia kugundua watoto wanaozaliwa na upungufu wa homoni ya tezi la shingo, ambao bila kidonge cha kila siku ubongo wao hudumaa. Miaka ya 1990 mashine za kupima uzito wa molekuli ziliweza kusoma makumi ya magonjwa ya kurithi katika tone moja. Na Afrika Mashariki karatasi hiyohiyo, kwa mchomo uleule wa kisigino, ndiyo inayotumika kuwapima VVU watoto wa majuma 6 waliozaliwa na mama wenye maambukizi, ikisafirishwa kutoka zahanati zisizo na umeme hadi maabara kuu.

Nchini Uganda watafiti waliona kwamba karatasi hizo, baada ya kupimwa VVU, zina damu iliyobaki. Kati ya mwaka 2014 na 2015 walipima seli mundu katika matone 97,631. Watoto 13 katika kila 100 walikuwa wamebeba jeni moja; karibu 7 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe, nao ni ugonjwa unaoweza kuziba mishipa ya ubongo na kumpa mtoto kiharusi kabla hajaanza shule. Mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini, chanjo na matunzo mengine. Asiyejulikana mara nyingi hufa na kuandikwa kwamba ni malaria au homa.

Kwa hiyo, mzazi, muuguzi akiomba kumchoma mwanao kisiginoni, mkubalie, umuulize anapima nini, na siku ya majibu urudi uyachukue. Na ukiona kwa mtoto wako jambo ambalo kila mtu analipuuza, liseme tena.